Turbini ya Tesla kwa diski za hadidiski: mwongozo kamili wa kuitengeneza na kuiendesha salama

Turbini nyingi hugeuzwa na mapanga: maji, mvuke au upepo unapiga panga, panga linasukuma shafti. Turbini ya Tesla haina panga hata moja. Ni rundo la diski laini kwenye shafti moja, kati ya diski na diski kukiwa na mwanya usiofika nusu milimita. Hewa huingia pembezoni kwa kasi, ikielekezwa kandokando ya mduara. Kwa kuwa kila kimiminika au gesi hunata kidogo kwenye uso inaopita, hewa ile huziburuta diski, nazo huanza kuzunguka. Hewa ikipoteza kasi hujipinda kuelekea katikati na kutokea kwenye matundu yaliyo karibu na shafti. Hakuna zaidi ya hapo, na ndiyo maana fundi yeyote mwenye drili ya mezani na rafiki anayekereza vyuma anaweza kuitengeneza.

Jambo moja ulielewe kabla hujanunua hata nati: turbini hii hufanya kazi vizuri zaidi kwenye kasi zilezile zinazoweza kuipasua. Ufanisi na hatari vinakaa chumba kimoja. Mwongozo huu unachagua upande wa usalama makusudi, kwa kuweka kikomo cha kasi na kujenga kila kitu kukizunguka kikomo hicho. Utapata umeme kidogo kuliko unaotajwa kwenye video za intaneti, ila utabaki na macho yako yote mawili.

Nikola Tesla alipewa hataza ya turbini hii Marekani tarehe 6 Mei 1913. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1911, alikuwa ameifanyia majaribio ya mvuke katika kituo cha umeme cha Waterside, New York, kwa mashine ya nguvu za farasi 200 yenye diski za inchi 18 zilizozunguka mara 9,000 kwa dakika. Ukipiga hesabu, ukingo wa diski zile ulikwenda zaidi ya mita 210 kila sekunde. Baadaye kampuni ya Allis-Chalmers ya Milwaukee iliijaribu tena, na diski zikapindika kwa joto na kwa nguvu ya mzunguko. Kama chuma cha kiwanda kilipindika, diski ulizotoa kwenye kompyuta mbovu hazistahili kupelekwa huko.

Utapata nini hasa

Rota tunayotengeneza, yaani rundo linalozunguka, ina diski 8 za kipenyo cha milimita 95, na inaendeshwa na kompresa ya kawaida ya gereji, ya nguvu za farasi 2. Nozeli (mdomo mwembamba unaorusha hewa) yenye uwazi wa takriban milimita 3 za mraba, ikipewa shinikizo la bar 3, hunywa kama lita 145 za hewa kwa dakika, na kompresa ya namna hiyo hutoa karibu kiasi hichohicho. Hewa hiyo ina uwezo wa wati 290 hivi. Kwa kikomo cha kasi tutakachoweka, tarajia wati chache tu za umeme, zisizozidi 25. Mota ya kompresa wakati huo inakula wati 1,500.

Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba hapa kuna umeme wa bure. Ni mashine ya kufundishia na kujifunzia: msuguano, shinikizo, mizani, umeme wa fezi tatu, vyote mezani pako. Kwa kijana wa chuo cha ufundi sijui mradi mwingine mdogo unaogusa mambo mengi namna hii. Mwenye mto wenye maporomoko anayetaka kuwasha taa za kijiji atafute turbini ya maji ya Pelton au ya mkondo mtambuka, zitamfaa zaidi.

Vifaa

Hadidiski mbovu za kompyuta za mezani, zile kubwa za inchi 3.5. Nyingi zina diski moja hadi tatu ndani, basi kusanya tano hadi nane. Beringi mbili za namba 608, tundu milimita 8, kipenyo cha nje milimita 22, unene milimita 7. Chukua zenye vifuniko vya bati (ZZ), kwa sababu zile za vifuniko vya mpira zinaburuta. Fimbo ya chuma ya milimita 8 kutoka printa iliyokufa, ile ambayo kichwa cha wino huteleza juu yake: ni ngumu, imenyooka na imesuguliwa vizuri. Bamba mbili za alumini za unene wa milimita 12 na moja ya milimita 14, kila moja milimita 150 kwa 150. Bolti za M6 na nati zake za kujifunga. Bomba la shaba la inchi 3/8 kutoka kwa fundi wa friji. Makopo ya soda ya alumini. Mota ndogo ya droni ya aina isiyo na brashi, itakayokuwa jenereta. Regyuleta ya hewa (ya kupandisha na kushusha shinikizo) yenye geji, kichujio cha maji, na koki ya kufunga kwa robo mzunguko.

Vipimo vitahitaji kalipa, na kama unaweza kuazima maikromita, azima. Mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Kamukunji, Nairobi, watakukerezea habu (kitovu kinachoshika diski kwenye shafti) na bamba ukiwapelekea mchoro wenye vipimo. Nenda na beringi na diski zako mkononi ili wapimie kitu halisi.

Rota: hapa usiwe na haraka

Fungua hadidiski kwa bisibisi ya Torx, T6 au T8 kwa nyingi. Diski za inchi 3.5 kwa kawaida ni za alumini, kipenyo milimita 95 na tundu la katikati milimita 25. Za laptop, zenye milimita 65, mara nyingi ni za kioo, na kuna modeli chache za kompyuta za mezani zilizotumia kioo pia. Kwa macho hutazitofautisha. Toa mhanga diski moja kutoka kila modeli: ifunge ndani ya kitambaa kizito, vaa miwani ya kazi na glavu, kisha ikunje. Alumini itapinda, kioo kitapasuka. Iliyopasuka, tupa na wenzake wote wa modeli ile.

Pima unene wa kila diski. Zilizo nyingi zina milimita 1.27, lakini utakutana na za 0.8 na za 1.75. Chagua 8 za unene mmoja. Yenye mkwaruzo unaosikika kwa ukucha, au iliyopinda hata kidogo, haiingii kwenye rota. Ilaze juu ya kioo cha dirisha na uibonyeze pembeni kwa kidole, ikicheza, imepinda.

Sasa matundu ya kutolea hewa. Kila diski inahitaji matundu 6 ya milimita 8, vitovu vyake vikiwa kwenye duara la kipenyo cha milimita 42. Usitoboe diski moja moja. Zipange zote 8 kwenye kigogo cha milimita 25, zibane katikati ya bamba mbili za alumini za milimita 5, kaza bolti, halafu toboa rundo zima kwa pamoja kwenye drili ya mezani. Anza na biti ya milimita 3, fuatisha na ya 8, ukidondoshea mafuta ya taa ili alumini isigande kwenye biti. Kabla ya kufungua rundo, piga mstari mmoja wa kalamu ya rangi ubavuni, kutoka diski ya kwanza hadi ya mwisho, ili ujue jinsi ya kuzirudisha katika mpangilio uleule.

Baada ya kutoboa, shika biti ya milimita 10 kwa vidole na uizungushe taratibu kwenye mdomo wa kila tundu, pande zote mbili, mpaka kucha isikwame popote. Ni matundu 48, yenye midomo 96, na kazi hii inachosha. Ifanye yote. Diski inapozunguka hujivuta yenyewe kuelekea nje, na mvuto huo hukusanyika kwenye ukingo wa kila tundu, mara mbili hadi tatu ya ulivyo mahali pengine. Nyufa huanzia kwenye kijinundu cha chuma ambacho mtu alikiacha kwa uvivu.

Vitenganishi ni pete za kipenyo cha nje milimita 32 na cha ndani 25, unene wa milimita 0.4. Pete zinazokuja ndani ya hadidiski ni nene mno kwa hewa. Mwanya ukiwa mpana, hewa ya katikati hupita bila kugusa chochote. Kopo la soda lina unene wa karibu milimita 0.1, kwa hiyo pete nne juu ya nyingine hukupa 0.4. Kata vipande vya mraba vya kutosha, vinyooshe, vibane kwa wingi kati ya sahani mbili nene za chuma, kisha fundi wa kukereza azichonge zote kwa mkupuo mmoja, nje na ndani. Kukata kwa mkasi hukunja kingo na kuharibu kipimo. Sugua rangi kwa msasa laini, pima kila kifungu cha pete nne, na hakikisha vifungu vyote 7 vinatofautiana kwa chini ya milimita 0.02. Ukipata shimu (bati jembamba la kujazia mwanya) ya chuma ya 0.4 dukani, hayo yote utayaepuka.

Habu ni kipande cha alumini kilichokerezwa: sehemu ya milimita 25 inayoingia diski bila kuchezacheza, na flanji (ukingo mpana uliotokeza) ya milimita 32, unene milimita 3, upande mmoja. Upande wa pili kuna sahani ya kubana ya kipenyo hichohicho, inayofungwa kwa skrubu tatu za M3 kwenye mwili wa habu. Katikati tundu la milimita 8 la kupita shafti kwa kubana. Sehemu ya milimita 25 iwe fupi kwa nusu milimita kuliko rundo la diski, ambalo ni takriban milimita 13, ili sahani ibane diski na isigote kwenye habu. Habu ishikwe kwenye shafti kwa skrubu mbili za kubana zilizotazamana, kila moja ikikaa juu ya bapa dogo ulilosugua kwa grinda. Skrubu moja peke yake inavuruga mizani.

Panga: diski, pete, diski, pete, ukifuata ule mstari wa rangi. Futa kila uso kwa spiriti kabla hujauweka. Kaza skrubu tatu kwa zamu, kidogo kidogo, na uweke gundi ya kufungia nyuzi kwenye kila moja.

Mizani

Rota ya gramu 200 hivi inaonekana kitu kidogo. Lakini uzito uliopungua upande mmoja kwa gramu 0.1 tu, ukiwa milimita 40 kutoka katikati, kwenye mizunguko 10,000 kwa dakika hutikisa beringi kwa nguvu ya karibu nusu kilo, mara 167 kila sekunde. Kwenye mizunguko 20,000 nguvu hiyo inakuwa mara nne.

Chukua rula mbili za chuma zilizonyooka, zisimamishe kwa ubavu kwenye jiliwa au vitalu vya mbao, zilingane kwa pimamaji, kisha laza shafti juu yake rota ikining'inia katikati. Iguse izunguke polepole. Ikisimama sehemu ileile kila mara, upande wa chini ndio mzito. Uwekee alama. Punguza uzito kwa kutoboa vishimo vya kina kifupi kwenye flanji au kwenye sahani ya kubana, kamwe si kwenye diski. Rudia mpaka rota isimame popote unapoiacha. Mtu akifika hapa husema imetosha. Mimi nasema ihamishe, geuza shafti upande wa kulia uwe kushoto, jaribu tena, kwa sababu rula zisipokuwa sawasawa hudanganya.

Nyumba na beringi

Bamba la milimita 14 litobolewe duara la milimita 96 katikati. Hiyo inaacha nusu milimita kuzunguka rota yote, na nusu milimita kila ubavu. Bamba mbili za milimita 12 ndizo kuta za pembeni. Kila moja, kwa upande wa ndani, ichongwe shimo la duara la milimita 52, kina milimita 4. Humo ndimo flanji ya habu inakaa na hewa inayotoka inakusanyika. Kwa upande wa nje, ichongwe kikalio cha beringi cha milimita 22, kina 7, kitovu kikiwa kilekile. Kisha matundu 6 ya milimita 8 kwenye duara la 42, kama ya diski, ya kutolea hewa.

Mwambie fundi abane bamba zote tatu pamoja anapotoboa matundu ya bolti na ya katikati. Beringi zikipishana hata kwa sehemu ya kumi ya milimita, shafti itazunguka ikiwa imelazimishwa. Weka vibomba vifupi kwenye shafti kati ya habu na beringi ili rota isiteleze kwenda ubavuni, na pete ya springi (washa) upande mmoja ili kuondoa mchezo. Bolti 8 za M6 zitatosha kufunga nyumba.

Osha grisi ya beringi kwa petroli nje, mbali na moto, zikauke, halafu weka matone mawili ya mafuta ya cherehani. Grisi nzito huiba nguvu nyingi kwenye mashine ndogo kama hii.

Kuna wanaotumia plastiki ya kung'aa kwa kuta ili waone diski zikizunguka. Inapendeza, ila akriliki hupasuka kwa vigae vyenye ncha. Kwa hewa iliyobanwa, usiitumie.

Nozeli

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi, kwa kuwa inatengenezwa kwa nyundo na akili. Chukua kipande cha bomba la shaba la inchi 3/8, chenye urefu wa sentimita 10. Lipashe moto mpaka liwe jekundu la kufifia, kisha litumbukize majini. Shaba hulainika kwa namna hiyo. Ingiza jani la fila (kipimo chembamba cha mianya) la milimita 0.25 kwenye mdomo wake na ulibane ndani ya jiliwa lenye mataya laini mpaka shaba ilale juu ya fila. Chomoa fila. Umepata mpasuko wa upana wa takriban milimita 12 na unene wa robo milimita, karibu sawa kabisa na upana wa rundo la diski, na eneo la milimita 3 za mraba kama tulivyopiga hesabu mwanzoni.

Toboa ubavu wa bamba la milimita 14 ili mpasuko uingie ukielekea kandokando ya ukingo wa diski, ukiinama ndani kwa nyuzi 10 hadi 15. Ukiuelekeza katikati, hewa itagonga diski na kurudi. Acha milimita moja kati ya mdomo wa nozeli na diski, kisha ziba kwa epoksi ya chuma.

Ngao, hewa, na vitu visivyoruhusiwa

Rota hii ikiwa kwenye mizunguko 10,000 ina nishati ya jouli 120. Kwenye 20,000 inakuwa na jouli 480, sawa na mfuko wa saruji wa kilo 50 ulioanguka kutoka urefu wa mita moja. Diski ikikatika, nishati hiyo hutoka kwa vipande, na hutoka kwenye mstari wa mzunguko. Kwa hiyo nyumba ya alumini peke yake haitoshi. Jenga sanduku la chuma la milimita 3 kuizunguka, pembe zimechomelewa, limefungwa kwa bolti kwenye benchi zito, na nje ya chuma weka mbao za sentimita 5 au mifuko ya mchanga. Koki na geji vikae mbali, kwa mpira wa mita tatu, upande wa mwisho wa shafti. Mtu yeyote asisimame kwenye mstari wa diski, hata kwa dakika moja ya kupiga picha. Watoto wawe nje ya chumba.

Miwani ya kazi huvaliwa kabla kompresa haijawashwa. Vaa na vizibo vya masikio: mlio wake ni mkali. Usielekeze hewa kwenye ngozi. Hewa ya bar kadhaa inaweza kupenya mwilini kupitia jeraha dogo.

Mabomba ya PVC yasitumike kwa hewa iliyobanwa. Yakipasuka huruka vipande vikali kama vioo, na jua huyadhoofisha kila mwaka. Tumia mpira wenye maandishi ya shinikizo lake, angalau bar 12. Toa maji kwenye tangi la kompresa kila siku ya kazi, hasa ukiwa pwani ambako hewa ina unyevu mwingi na kutu hula tangi kwa ndani bila wewe kuona. Vuta pete ya valvu ya usalama uhakikishe inapuliza.

Silinda ya oksijeni ya mchomeleaji isiguswe kwa kazi hii. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta ya beringi inaweza kuwaka papo hapo. Na mvuke usiujaribu. Tesla alitumia mvuke wa kituo cha umeme chenye mabwela (matangi ya kuchemshia mvuke) na wahandisi wake. Maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600, na bwela la nyumbani lililotengenezwa kwa mtungi wa gesi au sufuria ya presha limebeba nishati kubwa kuliko rota hii kwa mbali. Sheria za usalama kazini, Tanzania na Kenya, zinataka mabwela yakaguliwe na wakaguzi waliothibitishwa, na ni sheria nzuri.

Mzigo kwanza, hewa baadaye

Watu wengi huwasha turbini ikiwa tupu, bila mzigo, ili wasikie inavyolia. Fikiria hili: shinikizo likishapita karibu bar 0.9 kwenye geji, hewa inayotoka kwenye nozeli inakuwa imefikia kasi ya sauti, zaidi ya mita 300 kwa sekunde. Ukingo wa diski zetu ungeifuata kasi hiyo, ungekuwa kwenye mizunguko 60,000 kwa dakika. Haifiki huko kwa sababu ya msuguano, lakini hakuna kitu kingine kinachoizuia. Rota isiyo na mzigo inavuka kikomo chako ndani ya sekunde chache, kwa hiyo jenereta lazima iwe imeunganishwa na taa zimewekwa kabla hujafungua koki.

Chagua mota ya droni yenye Kv 1000. Maana yake, kwa takriban, kila volti moja ni mizunguko 1,000. Iunganishe na shafti kwa kipande kifupi cha mpira mgumu uliobanwa kwa kilipu ndogo pande zote mbili, na jenereta yenyewe ifungwe kwenye kikalio imara kilicho kwenye mstari mmoja na shafti. Nyaya zake tatu zipeleke kwenye daraja la diodi sita za 1N5822 (kila diodi hupitisha umeme upande mmoja tu) kupata umeme wa moja kwa moja, kisha balbu mbili za gari za volti 12, wati 5, kwa sambamba. Volti mita kwenye balbu sasa imekuwa kipima mwendo chako: ikisoma volti 9 hadi 10, uko karibu na mizunguko 10,000. Thibitisha kwa takometa (kipima mizunguko) ya leza na kipande cha utepe unaong'aa kwenye shafti, maana mota za bei nafuu haziandikwi Kv kwa uaminifu.

Kikomo cha kazi ni mizunguko 10,000 kwa dakika, yaani mita 50 kwa sekunde ukingoni. Kikomo kisichovukwa kwa sababu yoyote ni 15,000. Kwa ufanisi mzuri ukingo ungepaswa kwenda karibu nusu ya kasi ya hewa, mita 150 kwa sekunde au mizunguko 30,000, na hapo matundu uliyotoboa kwa mkono hayana haki ya kuaminiwa.

Kuwasha mara ya kwanza

Zungusha shafti kwa vidole, sanduku likiwa wazi. Isikike kimya. Ikikwaruza, fungua, usitegemee kwamba itajisugua yenyewe.

Funga sanduku. Regyuleta iwe sifuri, balbu zimeunganishwa, mwenzako amesimama karibu na swichi ya kompresa. Fungua koki, kisha pandisha regyuleta mpaka bar 0.5. Rota inaweza kuanza kwa kusitasita. Iache dakika moja, funga koki, subiri mpaka isimame kabisa yenyewe. Itachukua muda; rota isiyo na mapanga haina kitu cha kuishika, na hapo ndipo watu huingiza vidole mapema. Ikisimama, fungua sanduku, gusa nyumba karibu na beringi. Uvuguvugu si tatizo. Joto la kuunguza ni tatizo la mstari wa shafti.

Rudia kwa bar 1, halafu 1.5, halafu 2, ukisimamisha na kukagua kila hatua. Andika daftarini shinikizo, volti na mtetemo. Kuna kasi moja ambapo benchi litatetemeka zaidi kisha litulie ukiipita. Ijue na usikae hapo. Mtetemo unaozidi kadiri kasi inavyozidi ni mizani mbovu, rudi kwenye rula. Sauti ikibadilika ghafla, mlio mpya, kugongagonga, volti kushuka bila wewe kugusa regyuleta: funga koki kwanza, sababu utaitafuta baadaye. Balbu ikiungua mzigo unapungua na kasi inapanda. Ndiyo sababu tumeweka mbili, na ndiyo sababu mkono wako haubanduki kwenye koki mashine ikiwa hai.

Ukifika bar 3 na volti bado ziko chini ya 6, mara nyingi kosa ni moja kati ya matatu: nozeli haiko kandokando vya kutosha, pete zimepishana unene hivyo mianya haifanani, au mafuta ya beringi ni mazito. Kuongeza shinikizo hakutatibu lolote kati ya hayo.

Baada ya saa ya kwanza ya kazi, vua diski zote. Zitazame moja moja kwenye mwanga wa pembeni, kwenye midomo ya matundu hasa, kwa lenzi kama unayo. Pima vipenyo: vyote viwe bado 95. Diski yenye ufa, hata wa urefu wa nywele, au iliyotanuka, inatupwa, na wenzake wa hadidiski ileile wanakaguliwa upya. Kisha rudia ukaguzi huo kila baada ya saa kumi za kazi.

Ukitaka ya maji

Kwa shule, ningeshauri kuanza na toleo la maji. Badala ya mpasuko mwembamba tumia nozeli ya tundu la milimita 6. Tangi lililo juu mita 10 hutoa maji kwa kasi ya mita 14 kwa sekunde, na diski haiwezi kuyapita maji yanayoisukuma: hata bila mzigo wowote, rota haitavuka mizunguko 2,800 kwa dakika. Jenereta hapo iwe ya Kv ndogo, 200 au chini yake, na beringi ziwe zile za vifuniko vya mpira, kwa kuwa maji yatazifikia tu.